Bango la vidakuzi: lini linahitajika, na liwekwe vipi

Anayefungua tovuti ya gazeti, benki au hoteli siku hizi hupokewa na bango. Linamwambia kwamba tovuti inatumia vidakuzi, kisha linampa kitufe kikubwa cha kukubali. Wengi hukibonyeza ili wapite wakasome walichofuata. Wenye tovuti nao, wakiona jirani kaweka, humwagiza mtengenezaji wao aweke. Mtengenezaji huchukua kiongezi cha bure, hukipachika, na kazi huhesabiwa imekwisha. Katika mlolongo wote huo hakuna aliyeuliza bango lile linaomba ruhusa ya nini, wala kama jibu la msomaji linabadilisha chochote.

Ndiyo maana maswali yale yale yanajirudia miongoni mwa wanaotengeneza programu za wavuti na wanaozilipia. Je, sheria inataka kila tovuti iwe na bango? Bango likishakuwepo, mwenye tovuti amekingika? Na msomaji akikataa, nini hasa kinapaswa kutokea nyuma ya pazia? Majibu yake yanategemeana, na hayaeleweki bila kurudi kwenye chanzo.

Kazi mbili, jina moja

Itifaki ya HTTP, ambayo ndiyo lugha ya kivinjari na seva, haina kumbukumbu. Kila ombi la ukurasa huifikia seva kama la mgeni asiyewahi kuonekana. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, alibuni dawa yake: seva inapotuma ukurasa itume pia kipande kidogo cha maandishi, yaani kidakuzi, kivinjari kikihifadhi, kisha kikirudishe kila kinapoomba tena kitu kwenye seva hiyo. Kwa njia hiyo duka la mtandaoni hukumbuka bidhaa ambazo mteja ameshachagua, na aliyeingia kwa nywila haombwi nywila upya kila anapobonyeza kiungo.

Tatizo lilizaliwa kwenye kurasa zilizobeba vitu vya wengine. Picha ya tangazo ikitoka kwenye seva ya kampuni ya matangazo, kampuni hiyo nayo inaweza kuweka kidakuzi chake. Ikiwa na matangazo kwenye tovuti elfu moja, humtambua msomaji yule yule katika zote. Hatari hii ilionekana mapema. Waraka wa viwango RFC 2109 wa Februari 1997 ulitaka vivinjari vizuie vidakuzi vya namna hiyo mpaka mtumiaji aseme vinginevyo. Vivinjari vikuu vya wakati ule havikufuata, na biashara nzima ya matangazo ya mtandaoni ikajengwa juu ya uzembe huo. Mwaka 2007 Google ilitangaza kuinunua DoubleClick, kampuni iliyokua kwa kazi hiyo, kwa dola bilioni 3.1.

Basi kuna kidakuzi kinachomhudumia mgeni, na kuna kinachomfuatilia. Kiufundi vinafanana: kila kimoja kina jina, thamani na muda wa kuisha. Kinachovitenganisha ni lengo, na lengo halionekani kwa kutazama kidakuzi chenyewe. Sehemu kubwa ya mkanganyiko wa leo inatokana na hapo, kwa sababu mabango mengi huvitaja vyote kwa sentensi moja, kana kwamba kukumbuka lugha aliyoichagua msomaji ni sawa na kumfuata kutoka tovuti hadi tovuti.

Ulaya ilidai nini hasa

Chimbuko la bango ni sheria za Umoja wa Ulaya. Agizo la mwaka 2002 kuhusu faragha katika mawasiliano ya kielektroniki lilimpa mtumiaji haki ya kukataa tu. Marekebisho ya mwaka 2009 yakageuza mzigo. Kifungu cha 5(3) sasa kinakataza kuhifadhi taarifa kwenye kifaa cha mtu, au kusoma zilizomo, bila ridhaa yake. Kimeacha milango miwili tu: pale ambapo jambo hilo ni la kupitisha mawasiliano, na pale ambapo ni la lazima kabisa kwa huduma ambayo mtumiaji mwenyewe ameiomba.

Maneno ya kifungu hicho hayavitaji vidakuzi. Yanataja kuhifadhi na kusoma. Kwa hiyo mtengenezaji anayehamisha namba ya utambulisho kutoka kwenye kidakuzi kwenda kwenye hifadhi ya ndani ya kivinjari, ile inayoitwa localStorage, hajatoka nje ya sheria. Amebadilisha kabati tu. Milango ile miwili nayo haikuwekwa kama pambo: kidakuzi cha kuingia kwenye akaunti, cha kikapu, cha lugha aliyoichagua mtu au cha kulinda fomu dhidi ya udanganyifu hakihitaji ruhusa. Tovuti yenye vidakuzi hivyo pekee haidaiwi bango hata Ulaya kwenyewe. Inatosha kuvieleza kwenye ukurasa wa sera ya faragha.

Ridhaa yenyewe ilifafanuliwa na Kanuni Kuu ya Ulinzi wa Data, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Lazima itolewe kwa hiari, kwa jambo mahususi, na mtu aliyeelezwa, kwa tendo lililo wazi. Ukimya si ridhaa. Kisanduku kilichotiwa alama tayari si ridhaa. Na kuiondoa kuwe rahisi kama kuitoa. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya kampuni ya Planet49 ya Ujerumani, ilithibitisha kwamba visanduku vilivyojazwa tayari havina thamani, na ikaongeza kwamba mgeni aambiwe kidakuzi kitakaa muda gani na nani mwingine atakisoma.

Adhabu zilizofuata zinafundisha kuliko maandishi ya sheria. Desemba 2020 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ufaransa, CNIL, iliitoza Google euro milioni 100 na Amazon euro milioni 35. Kosa lilikuwa la wakati: vidakuzi vya matangazo viliwekwa kabla ya mgeni kujibu. Januari 2022 ikarudi na euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook. Safari hii kosa lilikuwa la muundo: kukubali kulihitaji mbofyo mmoja, kukataa kulihitaji kadhaa. Septemba 2025 ikaja zamu ya Shein, euro milioni 150, na Google tena, euro milioni 325, ingawa hesabu hiyo ya Google ilihusu pia matangazo yaliyopachikwa ndani ya Gmail. Yote haya, wakati na muundo, ni maamuzi ya watu wanaoandika msimbo na wanaochora kurasa. Mwanasheria hawezi kuyarekebisha kwa aya moja ya sera.

Na sisi Afrika Mashariki?

Hapa hoja huparaganyika. Wapo wanaosema bango ni jambo la Wazungu, halituhusu. Wapo wanaonakili bango la Ulaya neno kwa neno. Wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa namna yake.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Uganda ilitunga yake mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021. Sheria za Kenya na Tanzania hazina kifungu kinachojitegemea juu ya kuhifadhi na kusoma taarifa kwenye kifaa, kama kile cha 5(3). Lakini ya Kenya inapoeleza mtu anayetambulika, inataja kitambulisho cha mtandaoni miongoni mwa njia za kumtambua. Inataka ridhaa iwe ya wazi, huru, mahususi na ya mtu aliyeelezwa. Inampa haki ya kuiondoa. Inambebesha mwenye kukusanya jukumu la kuthibitisha kwamba aliipata. Na kifungu cha 37 kinadai ridhaa ya wazi kabla ya kuzitumia taarifa za mtu kibiashara. Adhabu ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Maana yake ni kwamba kidakuzi kinachombainisha mtu kwa ajili ya matangazo kinaangukia kwenye sheria hizi hata bila kutajwa kwa jina. Ombwe la kifungu mahususi linatuachia ugumu wa aina nyingine: hakuna mstari uliochorwa wazi kati ya kidakuzi cha lazima na cha hiari, kwa hiyo mwenye tovuti analazimika kufikiri mwenyewe. Miongozo mifupi ya mamlaka zetu, kwa Kiswahili, juu ya jambo hili moja ingeokoa fedha nyingi zinazotumika kununua mabango yasiyohitajika.

Kisha kuna mkono mrefu wa GDPR. Kifungu chake cha 3 kinamfikia aliye nje ya Ulaya iwapo anawauzia bidhaa au huduma watu walio ndani yake, au anafuatilia mienendo yao huko. Kufunguka tu kwa tovuti ukiwa Berlin hakutoshi. Lakini kampuni ya safari ya Arusha inayotangaza bei kwa euro na kuandika kurasa kwa Kijerumani, au hoteli ya Nungwi inayowalenga wageni wa Italia, imo ndani. Tovuti ya shule ya sekondari ya Iringa haimo.

Misimamo inayoshindana

Msimamo wa kwanza ni wa bango la taarifa tu: "Kwa kuendelea kutumia tovuti hii unakubali matumizi ya vidakuzi." Nguvu yake ni wepesi. Huwekwa kwa dakika chache na halivurugi takwimu za mwenye tovuti. Udhaifu wake ni kwamba halina kazi. Pale ambapo ridhaa inahitajika, kuendelea kusoma si ridhaa. Pale ambapo haihitajiki, bango linamsumbua msomaji bure. Baya zaidi, linakiri kwa maandishi kwamba ufuatiliaji upo na kwamba mtu hakuulizwa. Kati ya njia zote hii ndiyo iliyoenea kwetu, na ndiyo isiyo na hata hoja moja ya kuitetea.

Wa pili ni wa kununua mfumo kamili wa kusimamia ridhaa kutoka kampuni kama OneTrust, Usercentrics au Cookiebot. Mfumo hukagua tovuti, huorodhesha vidakuzi, hutafsiri maneno, hutunza kumbukumbu za ridhaa, na hupeleka jibu la msomaji kwa kampuni za matangazo kwa muundo zinaouelewa. Kwa chombo cha habari kinachoishi kwa minada ya matangazo yenye washiriki wengi, kazi hiyo haifanyiki kwa mkono. Lakini ununuzi huo haununui usalama. Watafiti wa MIT, UCL na Chuo Kikuu cha Aarhus walichunguza mifumo mitano maarufu kwenye tovuti 10,000 zinazotembelewa zaidi Uingereza, na mwaka 2020 wakachapisha kwamba ni asilimia 11.8 tu ya mabango waliyoyapata yaliyotimiza masharti ya chini kabisa ya sheria. Mwaka 2022 mamlaka ya Ubelgiji iliutoza muungano wa kampuni za matangazo, IAB Europe, euro 250,000 kwa kasoro za mfumo wa pamoja wa ridhaa ambao wengi walidhani ni ngao. Ongeza ada ya kila mwezi, na ongeza msimbo mzito ambao msomaji anaupakua kwa bando lake kabla ya kuona habari yenyewe.

Wa tatu ni wa kujijengea, ama kwa msimbo wako ama kwa maktaba huria kama Klaro au tarteaucitron. Unajua kila mstari unafanya nini, maneno ni yako, faili zinatoka kwenye seva yako, na bango huwa jepesi. Gharama yake ni uangalifu usiokoma. Mtu wa masoko akiongeza kipande kipya cha ufuatiliaji Jumanne bila kumwambia mtengenezaji, bango la Jumatatu limeshakuwa la uongo. Njia hii inafaa pale ambapo kuna mtu anayeijua tovuti yote na ana mamlaka ya kusema hapana.

Wa nne ni wa kutokuwa na bango kwa kuondoa sababu yake. Desemba 2020 GitHub, jukwaa linalotumiwa na watengenezaji programu dunia nzima, iliondoa vidakuzi vyote visivyo vya lazima, na bango likaondoka navyo. Hoja ilikuwa nyepesi: kama humfuatilii mtu, huna la kumwomba. Tovuti nyingi zetu zinaweza kufanya hivyo hivyo zikahesabu wasomaji kwa kumbukumbu za seva, au kwa programu kama Matomo ikipangwa isitumie vidakuzi. Kinachopotea ni cha kweli, na wanaoipigia debe njia hii hawakitaji vya kutosha. Hutajua kwa uhakika kama msomaji wa leo ndiye wa juzi, wala tangazo lako la Facebook limeleta wateja wangapi. Mwaka 2022 GitHub yenyewe ilirudisha vidakuzi kwenye baadhi ya kurasa zake za kuuzia huduma kwa makampuni. Mvutano kati ya masoko na faragha hauishi kwa tangazo moja.

Wa tano unataka kivinjari kimalize kazi: mtu aseme mara moja, kila tovuti isikie. Ndilo pendekezo linalomheshimu msomaji kuliko yote, na ndilo lenye historia ya kuvunja moyo. Ishara ya Do Not Track iliyobuniwa mwaka 2009 ilipuuzwa na wafanyabiashara wa matangazo, hasa baada ya Microsoft kuiwasha moja kwa moja kwenye Internet Explorer 10, na kikundi cha shirika la viwango vya wavuti, W3C, kilichokuwa kikiandika kiwango chake kilifungwa Januari 2019. Ishara mpya, Global Privacy Control, ina meno mahali ambapo sheria imeipa meno. Huko California kampuni ya vipodozi ya Sephora ililipa dola milioni 1.2 mwaka 2022 katika shauri lililohusu, pamoja na mengine, kutoiheshimu. Kivinjari cha Safari huzuia vidakuzi vya wahusika wa nje tangu Machi 2020. Google iliahidi hilo kwa Chrome mwaka huo huo, ikaahirisha, na Julai 2024 ikauacha mpango. Novemba 2025 Tume ya Ulaya nayo ilipendekeza tovuti zilazimike kuheshimu ishara za kivinjari. Mpaka pendekezo hilo litakapokuwa sheria, mwenye tovuti anaweza kuiheshimu ishara hiyo kwa hiari, na msimbo wake ni wa mistari michache, lakini hawezi kuitegemea peke yake.

Yapo pia magazeti na mitandao inayompa msomaji chaguo la kulipa au kufuatiliwa. Meta ilianza hivyo Ulaya Novemba 2023, na Aprili 2025 Tume ya Ulaya ikaitoza euro milioni 200. Kwa soko letu, ambako wasomaji wachache hulipia habari za mtandaoni, njia hiyo haina haja ya kujadiliwa kwa kirefu.

Mahali mabango yanapovunjika

Kasoro iliyo kubwa kuliko zote haionekani kwa macho. Bango lipo, lina rangi nzuri, lina kitufe cha kukataa, lakini skripti za ufuatiliaji zimeshapakiwa kabla halijachorwa. Google Analytics ikipakiwa huweka kidakuzi cha _ga ambacho kwa kawaida hukaa miaka 2. Msomaji akibonyeza "Kataa", jibu lake linaandikwa mahali, na _ga inabaki ilipo.

Sababu ni ya mpangilio. Mara nyingi mtengenezaji hulipachika bango juu ya tovuti iliyokwisha kukamilika, yenye skripti zilizoandikwa moja kwa moja kwenye kichwa cha ukurasa. Dawa ni kugeuza mpangilio: kila skripti ya hiari izimwe kwanza, kwa mfano kwa kuipa aina ya text/plain ili kivinjari kisiitekeleze, kisha iwashwe na msimbo wa bango pale tu kundi lake linaporuhusiwa. Video za YouTube na ramani zilizopachikwa zinahitaji uangalizi huo huo. Njia safi ni kuonyesha picha tuli na kuipakia video msomaji anapoibonyeza.

Kwa nini kuzuia mwanzoni, badala ya kufuta baadaye? Kwa sababu kufuta hakuaminiki. Msimbo wa ukurasa wako hauwezi kukifuta kidakuzi cha kikoa cha mtu mwingine, wala chenye alama ya HttpOnly. Kwenye programu zilizojengwa kwa React au Vue, ambamo ukurasa haupakiwi upya mtu anapohama sehemu, skripti iliyokwisha kuingia huendelea kufanya kazi hata baada ya ridhaa kuondolewa. Hapo mtengenezaji hana budi kufuta vidakuzi vya kikoa chake na kuupakia ukurasa upya.

Kuna mtego mwingine kwa wanaotumia akiba ya kurasa. Seva ikiamua kuonyesha au kuficha bango, na ukurasa huo ukahifadhiwa kwenye mtandao wa usambazaji wa maudhui (CDN), jibu la mtu mmoja linaweza kupelekewa maelfu. Uamuzi huo ufanyike ndani ya kivinjari, kwa kusoma kidakuzi cha ridhaa, ambacho chenyewe hakihitaji ruhusa.

Google imeleta njia ya kati iitwayo Consent Mode, na tangu Machi 2024 inaidai kwa wanaotumia huduma zake za matangazo kwa wageni wa Ulaya. Hali yake ya msingi huzuia kila kitu mpaka ridhaa ipatikane. Hali ya juu hupakia vibandiko vya Google mapema na kutuma ishara zisizo na vidakuzi hata kwa aliyekataa. Mwenye tovuti hupata makadirio bora. Lakini taarifa za ziara ya msomaji aliyekataa bado zimetumwa kwa Google. Kwa kipimo cha neno "nimekataa", hali ya msingi ndiyo inayosimama.

Kila mtu anaweza kujikagua. Fungua tovuti kwenye dirisha la faragha la Chrome, ingia kwenye zana za watengenezaji, tazama orodha ya vidakuzi kabla ya kugusa chochote. Bonyeza kukataa, pakia ukurasa upya, tazama tena. Orodha ikiwa na _ga, au _fbp ya Facebook, baada ya hapo, bango halifanyi kazi, hata kama limenunuliwa ghali.

Maneno, vitufe na mahali pa bango

Kulipamba bango kwa rangi za kampuni hakuna ubaya. Ubaya huanza pale rangi inapoamua kwa niaba ya mtu. Watafiti wale wa MIT, UCL na Aarhus walipima pia athari ya kuondoa kitufe cha kukataa kwenye ukurasa wa kwanza wa bango: waliokubali waliongezeka kwa pointi 22 hadi 23 za asilimia. Watu wale wale, faragha ile ile. Kilichobadilika ni kitufe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr huko Bochum na wenzao, katika jaribio la mwaka 2019 kwenye tovuti ya Kijerumani, waliona kwamba mabango yakijengwa kwa kufuata kikamilifu kanuni ya kuanza na "hapana" na kuuliza kwa kila lengo, wangekubali vidakuzi vya wahusika wa nje chini ya asilimia 0.1 ya wageni. Namba hizi zinaeleza kwa nini muundo wa haki unapingwa sana na idara za masoko. Zinaeleza pia kwamba ridhaa nyingi zinazohesabiwa leo si ridhaa.

Basi vitufe vya kukubali na kukataa viwe na ukubwa mmoja, uzito mmoja wa rangi, na vikae ngazi moja. Alama ya kufunga bango imaanishe kukataa, kama inavyotaka miongozo ya mamlaka ya Italia ya mwaka 2021. Kiungo cha kubadilisha uamuzi kibaki chini ya kila ukurasa. Jibu la hapana likumbukwe kwa muda ule ule wa jibu la ndiyo; CNIL inapendekeza miezi 6. Kumwuliza aliyekataa kila anaporudi ni kumchosha mpaka akubali.

Wengi wetu husoma kwa simu. Bango linalofunika skrini nzima linazuia habari. Linaloteremka kuchelewa na kusukuma maandishi humfanya mtu abonyeze asichokusudia. Likae chini, lisisogeze ukurasa, vitufe viwe na nafasi ya kidole. Anayetumia kibodi au kisoma-skrini kama TalkBack aweze kulifikia na kulijibu bila kukwama ndani yake.

Lugha ndiyo inayosahaulika zaidi. Tovuti ya Kiswahili yenye bango la Kiingereza inaomba ridhaa kwa lugha ambayo haikumwandikia msomaji habari. Hapo sharti la mtu aliyeelezwa halijatimia. Tafsiri ya mashine ya bango la Ulaya haisaidii sana, maana asili yake yenyewe imejaa maneno ya kuficha: kuboresha uzoefu wako, washirika wetu tunaowaamini. Maandishi yanayofaa ni mafupi na yanataja vitu kwa majina: "Tungependa kuhesabu kurasa zinazosomwa, kwa kutumia Google Analytics. Kidakuzi chake kinaweza kukaa kwenye simu yako miaka 2. Ukikataa, tovuti itaendelea kufanya kazi kama kawaida." Chini yake vitufe vitatu: Kubali, Kataa, Chagua. Atakayefungua sehemu ya kuchagua akute makundi machache yaliyoelezwa, yote ya hiari yakiwa yamezimwa.

Uamuzi

Ukizipima njia hizi kwa pamoja, jibu hubadilika kulingana na tovuti. Shule, kliniki, ofisi ya halmashauri, blogu na duka dogo havina sababu ya kuwa na bango. Viondoe ufuatiliaji, viandike sera fupi ya faragha, basi. Hasara ya takwimu za kina kwa tovuti za namna hii ni ndogo, kwa kuwa mara nyingi hakuna anayezifungua takwimu hizo.

Hoteli, kampuni ya utalii au biashara inayolipia matangazo na kuhitaji kujua yamezaa nini, ijenge bango lake kwa maktaba huria, izuie kwanza na kuuliza baadaye, na imteue mtu mmoja wa kuikagua kila skripti mpya inapoongezwa. Iwe tayari kupokea "hapana" nyingi. Hizo ndizo takwimu sahihi za wateja wake.

Gazeti au jukwaa linaloendeshwa kwa minada ya matangazo halina njia ila mfumo wa kununuliwa. Lakini wajibu haununuliwi pamoja nao. Mpangilio wa awali wa mfumo usiaminiwe mpaka ukaguliwe, na kitufe cha kukataa kiwekwe hata kama muuzaji amekificha.

Kwa mwenye tovuti yeyote, kabla hujamwagiza mtengenezaji aweke bango, mwombe akuletee orodha: kila kidakuzi, nani anakiweka, kwa kazi gani, kwa muda gani. Kila mstari ambao hakuna anayeweza kuutetea, uondoe. Kitakachobaki ndicho cha kumwomba msomaji ruhusa, na kama hakikubaki kitu, usimwekee bango.